Kurudi Malindi kwa Kufuata Mto

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nisimulie safari yangu ya Novemba, kutoka Machakos hadi hapa Malindi, peke yangu, na gari, hema na madumu mawili ya maji. Nililala njiani siku tatu. Anayeijua barabara atashangaa, maana ni mwendo wa kutwa moja. Mama naye alishangaa kwenye simu: "Mwanangu, watu washuka Mombasa wakaja zao. Wewe wapanda milima, wafuata nini huko?" Nikamjibu nafuata maji tunayokunywa.

Sote hapa twajua mvua ikishika bara, bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mgeni huuliza kama ni uchafu. Ni udongo, na unaletwa na Sabaki. Mto huo huko juu huitwa Athi. Ukishaupokea mto Tsavo unakuwa Galana. Ukifika kwetu ni Sabaki. Majina matatu, mto mmoja. Na maji ya bomba tunayoteka yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto huohuo. Nimezaliwa hapa, nimeyanywa tangu utotoni, na sikuwahi kwenda kuona yanakotoka.

Usiku wa kwanza nilipiga hema milima ya Iveti, juu ya mji wa Machakos, uani kwa mama mmoja mkulima aliyenikubalia bila kuuliza mengi. Mvua ilinyesha tangu magharibi mpaka alfajiri. Asubuhi nilitoka nikitarajia kukuta shamba lake limechukuliwa, kwa jinsi mteremko ulivyo mkali. Halikuchukuliwa. Alinipeleka tukaangalie. Shamba limekatwa ngazi ngazi kwa mitaro wanayoiita fanya juu, kwa sababu unapochimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu ufanye tuta. Juu ya tuta umepandwa nepia, mizizi ishike na ng'ombe wapate kula. Maji ya usiku yalikuwa yametuama ndani ya mtaro, mekundu, yakizama polepole. Nilichutama nikatia kidole: tope laini kama unga wa mahamri uliokandwa. Udongo ule ulikuwa umebaki kwao.

Shamba la jirani halikuwa na mitaro. Katikati yake maji yalikuwa yamechimba mfereji wa kumfika mtu magotini. Udongo wa pale ulishaondoka, na najua ulikuwa unakwenda wapi.

Wanasayansi waliyatoboa matumbawe ya bahari yetu hapa Malindi, wakayasoma tabaka kwa tabaka, kwa sababu tumbawe hukua na kuhifadhi ndani yake dalili za maji ya kila mwaka. Walikuta udongo wa mtoni ukiongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni, mashamba yalipopanuka na watu kusukumwa kwenye miteremko. Kwa hiyo wavuvi mnaolalamika kwamba miamba inafunikwa, mashtaka yenu yameandikwa ndani ya jiwe lenyewe.

Usiku wa pili nililala milima ya Chyulu. Wazee husema msafiri maskini, ajapokuwa sultani, na usiku ule nililielewa neno hilo. Ardhi ni mawe ya volkano, meusi, makali. Vigingi vya hema havikuingia hata kimoja. Nilifunga kamba kwenye mawe, ukungu ukashuka, na baridi ikanifanya nivae kanga mbili juu ya sweta. Jambo la ajabu la Chyulu ni kwamba mvua hunyesha, msitu juu ni mbichi, lakini hakuna mto unaotiririka. Mlima unayanywa maji yote. Nilikuwa na madumu yangu tu.

Maji hayo nikayakuta siku ya tatu, kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Yamepita chini kwa chini kwenye mawe ya volkano, kisha yanabubujika hapo yakiwa safi hata unamwona samaki akipita kivulini mwa kiboko. Sehemu yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Yanayobaki yanaingia mto Tsavo, na Tsavo ndio unaokwenda kukutana na Athi.

Siku ya mwisho niliingia Tsavo Mashariki kwa lango la Manyani, nikaufuata Galana. Kushoto, ng'ambo ya mto, nyanda za juu za Yatta zimelala kama ukuta, karibu kilomita 300 za lava. Gurudumu la nyuma likapasuka. Nawaambia mnaotaka kusafiri peke yenu: kabla ya kuingia, mwambieni mtu mmoja mtatokea lango lipi na saa ngapi. Mimi nilikuwa nimemwambia mama: lango la Sala, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilibadilisha gurudumu nikiangalia kichakani kila dakika, nikatoka zikiwa zimebaki dakika ishirini. Mama alikuwa ameshapiga simu mara sita.

Kutoka Sala hadi Malindi ni kilomita 110 hivi. Niliingia mjini usiku, lakini sikusimama nyumbani. Nilipitiliza hadi daraja la Sabaki, nikashuka ukingoni na tochi, nikajaza chupa.

Ndiyo hii hapa mezani. Nilipoijaza ilikuwa nyekundu yote. Sasa juu ni maji meupe, na chini ni udongo, unene wa vidole viwili. Naipitisha kwenu muitazame kwa karibu, kuanzia kwa wazee walioko mbele. Ishikeni kwa chini, tafadhali, msiitikise.