Rivolva ya porini: usawa upime mkononi

Karibuni tena. Niko Montana, Marekani, na leo tunachagua rivolva ya kubeba porini. Hapa mezani ninazo mbili, zote tupu. Natoa silinda nje, tazameni: matundu sita, nuru inapita. Dukani nako anza hivyo hivyo. Hata kama muuzaji ameshakagua, kagua tena mbele yake, na mtutu uelekee pasipo na mtu.

Halafu kuna la sheria. Ukiwa Marekani kwa viza ya muda, kwa kawaida sheria ya shirikisho haikuruhusu kumiliki silaha. Uliza kwanza, usije ukajiharibia makaratasi.

Haya, shika hii. Ruger GP100, mtutu wa inchi 4.2, kilo moja na gramu mia na ushei. Ilaze juu ya kidole, hapa mbele ya kizingo cha kifyatulio. Mnaona ilivyotulia? Sasa hii ya inchi 6: pua inainama polepole. Kwa shabaha ya mbali ni tamu, lakini ukikaa kwenye gari nayo kiunoni, itakuchokoa mpaka ujute.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni hili. Omba ruhusa, fumba macho, inua mkono kuelekea ukuta aliokuonyesha muuzaji, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya mkato wa nyuma? Kama umelazimika kukunja kifundo, tatizo huenda ni mpini tu, na mpini unabadilishwa. Usiikatae bastola nzima kwa sababu ya kipande cha raba.

Sasa jaza risasi bandia. Risasi sita halisi za .357 Magnum, aina inayotumika kwenye bastola hii, zina karibu gramu 90, na uzito huo wote unakaa kwenye silinda. Pima upya.

Ila wepesi usikulaghai. Niliwahi kununua rivolva ya .44 Magnum, risasi kubwa zaidi, na bastola yenyewe gramu mia saba hivi. Kuibeba, raha. Kuipiga, risasi ya tano tu kiganja kinawaka moto! Niliiuza mwezi uleule. Ya .357 inakubali pia risasi za .38 Special, teke lake dogo, kwa hiyo utafanya mazoezi bila kuogopa.

Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu usiiache nyumbani. Ivae pembeni, mkono uifikie upesi.

Mwisho, vaa jaketi na glavu zako za baridi, urudie lile jaribio la macho. Kidole kikikwama kwenye kizingo, tafuta glavu nyembamba.