Tenda ya daraja hili ilichukuliwa na aliyekuwa ghali kuliko wote, na leo nawaelezea kwa nini

Hamjambo watu wangu, hamjambo Mombasa, Kilifi, Kwale, na wote mnaoniangalia popote mlipo. Leo sirekodi jikoni kama mlivyonizoea, nimetoka, niko Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, juu ya daraja la 10th Avenue, upepo ni mkali mtaniwia radhi kwa sauti, na lile mnaloliona hapo nyuma yangu, hilo la zege jeupe lenye magari mengi, ndilo nililowaitia.

Kuna kijana wa Mtwapa alinitumia voisi wiki iliyopita, dakika sita nzima, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Aliomba tenda ya kupeleka madawati kwenye kaunti moja, akapiga hesabu usiku kucha, akashusha bei mpaka faida ikabaki kidogo sana, halafu akakosa. Aliyepata alikuwa na bei ya juu kuliko yake. Akaniuliza, dada, huko Marekani si serikali inachukua wa bei ya chini basi mambo yameisha? Nikasema hili swali siwezi kulijibu kwa meseji, wacha niende darajani.

Sasa sikilizeni. Tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, watu wametoka kazini, barabara imejaa, daraja la zamani la barabara kuu ya I-35W lililokuwa hapo hapo likaanguka ndani ya mto Mississippi. Watu 13 wakafa, 145 wakaumia. Wachunguzi walikuja kukuta kwamba vile vibati vya chuma vinavyounganisha mihimili vilichorwa vyembamba mno tangu mwanzo, miaka ya sitini huko, na siku ile juu ya daraja kulikuwa na matengenezo, mchanga, kokoto na mashine nzito zimewekwa sehemu moja. Ukishuka pale chini kando ya mto kuna bustani ya kumbukumbu yenye nguzo 13, kila nguzo ni mtu mmoja. Mimi nikienda pale huwa sisemi kitu.

Jimbo likatakiwa lijenge lingine haraka, kwa sababu hapa walikuwa wakipita kama magari laki moja na arobaini elfu kwa siku. Zikaja kampuni nne. Na hapa ndipo nataka kijana wangu wa Mtwapa akae chini asikilize, kwa sababu kampuni ya hapa hapa Minnesota, C.S. McCrossan, iliweka bei ya kama dola milioni 176.9 na siku 367 za kujenga. Flatiron na Manson walioungana wakaweka dola milioni 233.8 na siku 437. Yaani wao ndio ghali kuliko wote wanne, na hakuna aliyeomba siku nyingi kuwazidi. Na wao ndio waliopewa.

Watu wakapiga kelele, na nawaelewa, hata mimi mara ya kwanza kusikia nilisema hapa pana mkono wa mtu. Lakini hesabu ilikuwa imeandikwa kabla, kwenye zile karatasi za tenda, kila mmoja wao aliiona kabla hajaweka bei. Nimeiandika kwenye kikaratasi hiki, subirini niwasogezee kamera... haya. Unachukua bei. Unaongeza siku za ujenzi, kila siku inahesabiwa dola laki mbili, kwa sababu kila siku ambayo daraja halipo watu wanazunguka, wanachoma mafuta, biashara zinalala. Ile jumla unaigawanya kwa alama za ubora ambazo kamati ilikupa, na mwenye namba ndogo mwisho wa hesabu ndiye mwenye kazi. Flatiron walipata alama 91.47, McCrossan 65.91. Gawanyeni wenyewe kwenye simu zenu: Flatiron inakuja kama milioni 3.51, McCrossan kama milioni 3.80. Basi. Ni hesabu ya darasa la saba.

Lakini msinielewe vibaya, mimi sisemi njia hii haina mlango wa wizi. Zile alama zinatolewa na binadamu, na binadamu anaweza kumpenda mtu. Kwenye hii tenda kulikuwa hata na alama za muonekano wa daraja na za namna kampuni itakavyowashirikisha wakaazi, sasa uzuri unaupimaje kwa namba? Kwa hiyo kesi ikaenda mahakamani, raia wa kawaida wakasema mchoro ulioshinda haukufuata masharti ya tenda, wakashindwa mahakama ya chini, wakakata rufaa, mpaka Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaja kuamua 2010 kwamba jimbo halikuvunja sheria. Wakati huo magari yalikuwa yameshaanza kupita hapa kitambo, daraja lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku waliyopewa.

Kitu kilichonigusa mimi si kwamba jimbo lilishinda kesi. Ni kwamba wale raia walikuwa na karatasi mkononi, alama za kila mmoja, bei za kila mmoja, wanasimama mbele ya jaji wanasema angalia ukurasa huu. Mtu anayebishana akiwa na karatasi na mtu anayebishana na tetesi ni watu wawili tofauti kabisa.

Na hii naijua kwa mwili wangu. Mnaonifuata muda mrefu mnajua mimi nafanya usafi wa maofisi, mimi, mdogo wangu, na kina mama watatu tunaosaidiana. Mwaka juzi tuliomba kazi ya kusafisha jengo la ofisi moja ya jimbo. Hapa kila jimbo lina sheria yake ya manunuzi, serikali kuu ya Washington ina yake mbali, sisi Minnesota ni sura ya 16C ya sheria za jimbo, na sikusoma yote lakini vipande vinavyonihusu nilivisoma na kalamu mkononi. Tukakosa. Nililia, nasema kweli, nililia ndani ya gari kwenye paking, kwa sababu wale kina mama nilikuwa nishawaahidi masaa zaidi.

Halafu mzee mmoja wa msikitini, yeye ana kazi ya kupiga rangi, akaniambia mwanangu umeomba faili? Nikamuuliza faili gani. Akasema mkataba ukishasainiwa, faili ni la umma, kuna sheria ya data za serikali hapa, sura ya 13, unaandika barua pepe tu, huulizwi wewe ni nani wala unataka ya nini. Zinazofichwa ni siri za kibiashara tu. Nikaandika mistari minne. Ikaja PDF, yangu na ya aliyeshinda, alama za kila mtu wa kamati, na pembeni ya jina letu mtu mmoja ameandika kwa mkono sentensi moja: hawakueleza nani atakuja kama mfanyakazi ni mgonjwa.

Nikakaa nikaitazama ile sentensi. Kweli hatukueleza. Sisi tunajua, mmoja akiumwa mdogo wangu anaingia, hata hatuhitaji kuongea, lakini yule anayesoma karatasi anajuaje? Aliyeshinda alikuwa na ukurasa mzima wa jambo hilo, majina, simu, saa ngapi mtu wa akiba anafika. Bei yake ilikuwa juu yetu kidogo. Hasira ikanitoka yote, nikabaki na kazi ya kufanya.

Kuna na hili la biashara ndogo niwaambie haraka. Hapa Minnesota ukisajiliwa kwenye kundi linalolengwa, wanawake, baadhi ya makabila ya wachache, watu wenye ulemavu, unaweza kupunguziwa hadi asilimia 12 wakati wa kulinganisha bei. Yaani umeandika dola laki moja, wanaisoma kama elfu 88, ukishinda unalipwa laki yako. Sisi Kenya sheria yetu inatenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, na hiyo ni kubwa, jamani, msiidharau.

Lakini kulipwa! Hapo ndipo moyo unaniuma nikifikiria nyumbani. Minnesota, ankara ikiwa sawa, jimbo lina siku 30. Zikipita linakudai wewe? Hapana, wewe ndiye unalidai riba, asilimia moja na nusu kila mwezi. Na kontrakta mkubwa akishalipwa ana siku 10 za kumlipa mdogo aliye chini yake. Sasa nyumbani ninao watu wa damu yangu, binamu yangu amesambaza vyakula kwa taasisi ya serikali, LPO anayo, ile karatasi ya serikali ya kuagiza bidhaa, delivari ameweka sahihi, ameuza gari kulipa mkopo wa benki na pesa hazijaingia mpaka leo. Mtu wa namna hiyo tenda ijayo lazima apandishe bei, anajikinga, na ile bei ya juu ni nyinyi mnaoilipa kwenye kodi. Ndiyo maana nikisikia malimbikizi ya madeni kwenye habari sioni namba, namuona binamu yangu.

Haya, narudi kwako kijana wa Mtwapa. Katiba yetu kifungu cha 227 kinasema manunuzi ya umma yawe ya haki, ya usawa, ya wazi, ya ushindani na yasiyopoteza pesa. Sheria ya manunuzi ya 2015 inasema aliyekosa lazima aarifiwe. Umearifiwa kwa maandishi au umeambiwa tu na askari wa getini? Kama una barua, hesabu siku, kwa sababu bodi ya rufaa za manunuzi ya umma, ile ya Nairobi, inakupa siku 14 tu kupeleka malalamiko, na yenyewe ina siku 21 za kuamua. Kama zimepita, bado kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaandika kuomba muhtasari wa tathmini, wana siku 21 kukujibu. Andika kwa Kiswahili kama unataka. Usiweke matusi, usitaje fununu za nani ni shemeji ya nani, omba tu alama zako na alama za aliyeshinda, nenda nayo nakala mbili, na ile yako wapige muhuri wa tarehe mbele yako.

Wakikujibu nitumie nisome nawe, ukurasa kwa ukurasa, hata kama huku ni usiku wa manane. Wakikaa kimya niambie pia, na nitumie picha ya ule muhuri. Mikono inaganda sasa, nashuka nikawahi shifti ya saa kumi na mbili, wale kina mama wananisubiri.