Kamera Njema Hufilisika

Asante, mwenyekiti. Nimepewa dakika ishirini nijibu kama kamera za mwendo barabarani ni za usalama au za mapato, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitazimaliza kwenye kisa kimoja. Basi wacha nianze nacho, tusipotezeane wakati.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, natoka mjini Nairobi kwa Thika Road kwenda kanisani, barabara tupu. Pale kwenye mteremko gari hujiendesha lenyewe, wenye magari mnanielewa. Chini ya daraja la wapita kwa miguu, nyuma ya nguzo, akachomoza jamaa na kamera ya mkononi. "Mzee, sitini na nne." Kikomo cha hapo ni hamsini. Nikamuuliza, kibao kiko wapi? Akaniambia kiko nyuma, umeshakipita. Nikarudi kukitafuta kwa miguu. Cheka tu, mama, lakini nilirudi! Nusu kilomita hivi, na viatu vya kanisani, jua linaanza kupanda. Kibao nilikikuta kweli. Kimefunikwa na tawi la mti, inaonekana sifuri peke yake.

Nikarudi kwa jamaa nikamwambia: sawa, nimekosa, niandikie. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziko wazi. Ukizidisha kwa kilomita 11 hadi 15 kwa saa, faini ni shilingi 3,000. Mimi nimezidisha 14. Akanitazama kama mhudumu wa hoteli aliyeagizwa chakula ambacho hakijapikwa. Kuandika, akasema, ni mambo mengi, na mzee si unaelewa. Nilielewa. Hata ninyi mmeelewa, na sijamaliza sentensi.

Sasa watu wakiniuliza kama kamera ni za usalama au ni za mapato, nami nauliza: mapato ya nani? Siku ile hazina ya serikali isingeona hata ndururu. Pale palikuwa na mfuko wa tatu, ule wa shati.

Lakini mfuko haukuniudhi kama mahali penyewe. Mbele kidogo, kabla ya steji, kuna pengo kwenye ukuta wa katikati ambapo watu hukatisha barabara mbio, mama na mtoto mgongoni, kwa sababu daraja liko mbali na mzigo ni mzito. Pale hapakuwa na kamera wala aliyeishika. Pale hakuna kivuli, tena hakuna mteremko wa kumletea mvuvi samaki. Kwa hiyo mkitaka kujua nia ya kamera, achaneni na hotuba ya mkubwa aliyeizindua. Angalieni imesimama wapi. Iko watu wanapogongwa, au iko magari yanapoteleza?

Kuna kipimo kingine nimekipigia kelele hadi nyumbani wamechoka. Kamera njema hufilisika. Tuseme mwezi wa kwanza inanasa magari mia kwa siku. Madereva wakishaizoea wanapunguza mwendo, na mwaka wa pili inanasa matatu, manne. Imekosa pesa, imefanya kazi. Kamera inayovuna kiasi kilekile mwaka nenda mwaka rudi, mahali palepale, inatuambia barabara yenyewe ina kasoro. Wekeni matuta, katieni kibao hilo tawi, sogezeni steji. Lakini nani atakata tawi linalomlisha?

Namwona ndugu pale nyuma anatikisa kichwa: basi ziondolewe zote! Hapana, subiri. Usinigeuzie maneno. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata mita 14 kwa sekunde moja. Likienda 80, mita 22. Sekunde ile unayoshtuka, kabla mguu haujagusa breki, tayari umeongeza mita 8, na mita 8 ni upana wa njia mbili za barabara na mtoto aliye ndani yake. Kila mwaka tunazika zaidi ya watu 4,000 kwa ajali za barabarani nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi ni wanaokwenda kwa miguu. Ya Michuki, yule waziri wa uchukuzi aliyelazimisha matatu zifungwe spidi gavana, mnayajua, sina haja ya kuyarudia, wala waliozichokonoa siwataji, wengine mko humu.

Kwa hiyo kamera naitaka. Naitaka ya nguzoni, isiyojua mheshimiwa wala mtoto wa nani, ujumbe unaingia kwenye simu na namba ya kulipia, basi. Tena hizo kanuni za 2016 hazina uchoyo mnaodhani: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo tu, 6 hadi 10 ni shilingi 500. Shida huanza anayeendesha kamera anapolipwa kwa idadi ya waliokamatwa. Ukifanya hivyo umempa fisi bucha. Chicago walishusha kiwango Machi 2021, wakaanza kutoza dola 35 kwa kuzidisha maili 6 tu, ilhali kabla ya hapo hukuguswa hadi ufikishe 10. Wakazi wakauliza swali hilihili letu. Na haikuwa shuku tu: katika jiji hilohilo, mwaka 2016 afisa mmoja alihukumiwa miaka 10 jela kwa hongo za kampuni ya kamera za taa nyekundu. Uingereza walichofanya ni kuzipaka kamera rangi ya manjano zionekane toka mbali. Mwindaji hapaki mtego wake rangi ya manjano.

Ya magari ya matatu niyapitie haraka. Ujumbe wa faini unamfikia mwenye gari, anayekimbia ni dereva, na dereva anakimbiza hesabu aliyopangiwa na huyohuyo mwenye gari. Faini itakatwa kwa nani jioni? Mnajua. Hapo hakuna kamera itakayosaidia mpaka mtu alipwe mshahara, na hilo peke yake ni mkutano mzima.

Nilikuwa na la nduthi zinazokunja namba za usajili, na la zile taa za barabarani ambazo zimezimika hadi kunguru wamejenga, lakini naona mwenyekiti anagonga saa. Nitayasema nje, kwenye chai. Chai ya kikombe, jamani.