Kupanga uswahilini: nafuu inatoka wapi

Haya, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Walioniita wamesema nije niongee na nyie wanafunzi wa mipango miji kuhusu makazi ya bei nafuu, sasa mi sio msomi wa hayo mambo, mi ni mpangaji. Nimepanga Manzese, nikapanga Mwananyamala, sasa hivi nipo Tandale kwa Mtogole, na hapo mtaani nimewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi kwaiyo ugomvi wa LUKU nimeamua mpaka nimeuchoka.

Sensa ya 2022 ilituhesabu Dar tupo watu 5,383,728, na wataalam wenu wenyewe wanasema zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji hili tunaishi kwenye maeneo ambayo yalijengwa kabla hayajapimwa. Kwaiyo nikisema uswahilini siongelei watu wachache waliojificha mabondeni, hilo ndo jiji lenyewe, Masaki na Oysterbay ndo pembeni.

Nyumba mnaijua. Korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani kuna choo na bafu, jiko hamna, kila mtu ana jiko lake la mkaa au kamtungi kake ka gesi mlangoni. Mbele kibaraza. Mwenye nyumba mara nyingi anakaa chumba kimoja humohumo na ndo anajua nani kalala nje. Watu wanaiita makazi ya bei nafuu kwasababu wanaangalia kodi ya mwezi, tuseme chumba ni elfu 50, wanasema mbona hela ndogo. Sawa, ila nani amekwambia unalipa mwezi? Unalipa miezi sita, hiyo laki tatu, afu dalali anachukua ya mwezi mmoja, jumla laki tatu na nusu, na anayeitafuta hiyo hela ni mtu wa saidia fundi au mama wa vitumbua, anapata leo anakula leo. Anaitoa wapi kwa mkupuo? Kwenye mchezo. Wanawake kumi wanatoa kila siku kidogo kwa kijumbe, zamu yako ikifika unabeba zote unaenda kulipa kodi. Nawaambia ukweli, bila kijumbe nusu ya nyumba za Tandale zingekuwa hazina wapangaji.

Sasa twende kwenye umeme maana hapa ndo pananiuma. Mnajua Tanesco wana bei ya mtumiaji mdogo, ukiwa hauzidishi uniti 75 kwa mwezi unauziwa uniti moja kwa kama shilingi 122 hivi pamoja na makato yake, ukiwa mtumiaji wa kawaida inafika kama 356. Ile bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya masikini, si ndio? Haya, nyumba yetu ina mita moja na wapangaji sita, mmoja ana friji anauza barafu, mwingine ana kijana anashinda na subwoofer, mwingine pasi kila asubuhi kama anaenda kwenye usaili. Hizo uniti 75 zinaisha mwezi haujafika hata katikati. Kwaiyo mita inahesabiwa ni ya mtumiaji wa kawaida, na yule bibi wa chumba cha mwisho mwenye taa moja na redio analipia umeme kwa bei ya mtu mwenye nyumba yake Mbezi, wakati mwenye nyumba Mbezi akiwa anaishi peke yake na anabana matumizi anapata ile bei ya 122. Hakuna aliyekusudia. Sheria imetungwa kwa kuhesabu mita, watu hatukuhesabiwa.

Maji ni vilevile. Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, hizo ni ndoo 50 za lita 20. Kama jirani mwenye bomba anakuuzia ndoo shilingi 100 tu, tayari hiyo uniti umeinunua elfu 5, na kwenye bili ya mwenye bomba bei yake haifiki hata nusu ya hapo. Na simlaumu jirani, yeye ndo aliyelipia kuunganishwa.

Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, sukari ya robo, kila kitu ukinunua kidogo kidogo unakilipia zaidi. Kwaiyo swali langu ni hili, kama uniti ya kila kitu ni ghali, mbona watu hawaondoki?

Hawaondoki kwasababu nafuu ya uswahilini ipo kwenye vitu viwili, ukaribu, afu kukopa. Ukaribu maana yake mama anakaanga chapati mlangoni kwake na wateja wanapita hapohapo, hana nauli, hana pango la fremu, mtoto wake anacheza kibarazani na macho ya mtaa mzima yanamwangalia. Kijana wa Manzese anaamka saa kumi na moja anatembea kwa mguu mpaka Urafiki au Mabibo sokoni kubeba mizigo, hela ya nauli anakunywa chai. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 wa barabara ya Morogoro wana njia nyingine ya kufika Kariakoo, ingawa foleni ya kituoni nayo ni kazi nyingine. Na kukopa ni daftari la mangi, yule mwenye duka la mtaani. Mangi hakuulizi hati wala salary slip, anajua unalala chumba gani, anajua mumeo anafanya kazi wapi na anajua huwezi kupita dukani kwake ukaenda kununua kwa mwingine bila yeye kukuona. Hiyo ndo dhamana yake.

Msinielewe vibaya mkadhani nasifia. Kigodoro kikipigwa usiku hulali, na ukienda kulalamika utachambwa mpaka na watoto. Siri hamna, ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakupa pole. Na mvua zikianza kuna watu wanatapisha vyoo, wanafungulia kinyesi kiende na maji ya mtaroni, kwasababu gari la kunyonya haliwezi kuingia kwenye kichochoro chao na likiweza ni ghali. Mto Ng'ombe ukijaa hayo maji yanarudi mpaka chini ya kitanda. Miaka ya karibuni tumewekewa lami, mitaro na taa kupitia DMDP, ule mradi wa kuboresha jiji, hilo nashukuru, usiku hata mama anatembea. Ila taa zilipowaka tu dalali wa kwetu alikuwa na bei mpya.

Ndo maana nataka tuongelee watu kuhamishwa. Mafuriko ya Desemba 2011, watu wa mabondeni kama Jangwani walipelekwa Mabwepande, huko nyuma ya Bunju, wakapewa viwanja. Kiwanja cha bure! Na bado kuna waliorudi Jangwani. Watu waliwacheka, eti wamezoea mafuriko. Mi nawaelewa kabisa, kwasababu biashara ya Kariakoo huwezi kuibeba kichwani mpaka Mabwepande, na huko daftari lako halipo, unaanza upya na mangi asiyekujua. Sinza nayo iliwekwa kwenye mradi wa viwanja na huduma miaka ya 70 kwa hela za Benki ya Dunia, walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini, leo nenda kaulize bei ya chumba Sinza.

Magomeni Kota naiangalia kwa jicho tofauti kidogo, kaya 644 zilivunjiwa, zikasubiri miaka, na Rais Samia akazindua maghorofa 2022 palepale walipotoka. Palepale! Hilo wamelipatia. Kinachonisumbua ni mama wa chapati, akiwa ghorofa ya nne anakaangia wapi?

Kwaiyo mkija mtaani kwetu na yale madodoso yenu msituulize tu vyumba vingapi na choo cha aina gani. Ulizeni unadaiwa dukani kiasi gani, unatembea kwa mguu dakika ngapi mpaka hela yako ilipo, mita moja inalisha familia ngapi, mtoto unamwacha na nani. Na msije saa nne asubuhi, hamtatukuta, njooni jioni. Dada pale mbele mkono uko juu muda mrefu, haya uliza.