Dizeli ama petroli? Hesabu kilomita zako kwanza

SAUDA: Karibuni tena wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Mbale, Arua na popote mlipo. Leo ni gari, meseji zimejaa na karibu zote zinauliza kitu kimoja, ninunue dizeli ama petroli? Okello, hapo ndipo kwako.

OKELLO: Asante dada Sauda. Mimi namuuliza kwanza huyo mtu, unatembea kilomita ngapi kwa mwezi na unatembelea wapi? Watu wengi wanaangalia bei ya lita pale stesheni, wanaona dizeli imeshuka kidogo, basi wameshaamua. Bei ya lita ni kitu kidogo sana katika maisha ya gari.

SAUDA: Lakini dizeli inakula kidogo, hilo huwezi kukataa.

OKELLO: Sikatai. Lita ya dizeli ina nguvu kushinda lita ya petroli kwa kama asilimia 13 hivi, halafu injini inabana hewa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta bila plagi, kwa hiyo inatumia vizuri kile inachopewa. Tuweke mfano tu wa hesabu. Petroli inakula lita 12 kwa kilomita 100, dizeli ya saizi hiyo inakula 9. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi umeokoa lita 30. Sema lita ni shilingi 5,000, hiyo ni 150,000 kwa mwezi.

SAUDA: Mwaka ni milioni moja na laki nane. Hiyo ni pesa ya maana.

OKELLO: Ni pesa ya maana, ila siku injekta zote nne, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zikifa na pampu ya presha ikazifuata, akiba yote imeenda na hata ya mwaka unaokuja imeguswa. Sasa chukua mtu wa Arua, anashuka Kampala kila wiki na mzigo, kwenda na kurudi ni karibu kilomita 1,000. Huyo anaokoa mara nne ya yule wa kwanza, na injini yake inakaa kwenye joto lake la kazi masaa mengi. Huyo anunue dizeli bila kuuliza mtu.

SAUDA: Na yule wa Ntinda kwenda mjini, jamu asubuhi jamu jioni?

OKELLO: Petroli. Hasa kama anaangalia dizeli mpya zenye ile filta ya moshi kwenye egzosi, DPF. Ile inakusanya masizi halafu inayachoma yenyewe, lakini inahitaji joto la safari ndefu. Kwenye jamu haifiki hapo, inaanza kuchoma inaishia njiani, inaanza tena inaishia, mafuta mengine yanateremka kuchanganyika na oili ya injini, na oili ikishakuwa nyepesi hivyo turbo na beringi ndizo zinaumia.

SAUDA: Hapo ndipo tunatofautiana kidogo. Mimi nimekulia kwenye Land Cruiser ya mzee, ile ya injini ya 1HZ ya lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta, imebeba watu, mahindi, mabati, na ukimwambia mzee eti dizeli inasumbua atakufukuza nyumbani.

OKELLO: Na mzee ana haki kabisa! Hiyo pampu yake ni ya chuma tupu. Lakini kijana anasikia hadithi ya mzee halafu anaenda kununua dizeli ya komon reli, ule mfumo wa kisasa wa mafuta unaoendeshwa na kompyuta, ambao presha yake inapita bar 1,600, matundu ya injekta ni madogo hata kwa macho huyaoni. Jina ni moja, dizeli, lakini hizo ni injini mbili tofauti.

SAUDA: Na zile za zamani hazikuja tena. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari iliyopita miaka 15.

OKELLO: Ndiyo, kwa hiyo zilizobaki zinazunguka humu humu na zinazeeka. Prado na Surf za injini ya 1KZ, makanika yeyote atakuambia zikichemka silinda hedi inapasuka. Kwa hiyo radieta ndiyo ya kwanza kuangalia. Na ile taa ya T-BELT, ya kukumbusha belti ya taimingi, ikiwaka, kila kilomita 100,000, badilisha belti, usimwambie mtu wa umeme aizime tu.

SAUDA: Banange, wanaizima kweli! Lakini petroli nayo isiachwe hivi hivi. Zile Toyota za injini ya 1ZZ za kwanza zinakula oili, mtu haangalii kijiti cha oili miezi mitatu, injini inakauka.

OKELLO: Kweli kabisa. Ila petroli nyingi za siku hizi, kama injini ya 1NZ iliyo kwenye Toyota Fielder, zina cheni badala ya belti, spea zimejaa soko la Kisekka, na kosa likitokea mara nyingi ni koili ama plagi, unabadilisha unaendelea na safari. Dizeli inataka nidhamu kwenye mafuta. Maji yakiingia, ama mtu akichanganya na mafuta ya taa, pampu inakosa ule ulaini wake na inaanza kujisaga yenyewe, vumbi la chuma linaenda moja kwa moja kwenye injekta.

SAUDA: Sasa mtu amepata dizeli, anaipenda, anataka kulipa. Aangalie nini?

OKELLO: Afike asubuhi injini ikiwa ya baridi, aguse boneti mwenyewe. Muuzaji akiwa ameshaiwasha, arudi siku nyingine, maana injini ya moto inaficha mengi. Ikiwaka, aangalie moshi: wa bluu ni oili, mweupe usiokwisha ni injekta ama kompresheni, yaani mbano wa hewa, ama maji yanayovuja kwenye silinda hedi. Halafu afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma, moshi ukisukuma kwa nguvu kama sufuria ya chai, ringi za pistoni zimechoka.

SAUDA: Na injekta zenyewe?

OKELLO: Hapo alipie fundi wa dizeli, siyo fundi wa kila kitu. Anachomeka vipaipu vinne kwenye njia ya kurudisha mafuta, kila kimoja na chupa yake, injini inanguruma dakika chache. Chupa zikilingana, sawa. Moja ikijaa haraka kushinda wenzake, hiyo injekta inavuja ndani na itakuja kusumbua kuwaka asubuhi. Ni kipimo cha muda mfupi, kinakuokoa mamilioni.

SAUDA: Na muuzaji akikataa kipimo?

OKELLO: Ondoka, dada. Dizeli ziko nyingi.

SAUDA: Haya, kuna msikilizaji wa Mbarara ana Toyota Noah ya petroli, anataka kubadilisha iwe dizeli kwa sababu amefungua duka na anabeba bidhaa Jumamosi tu.

OKELLO: Jumamosi tu? Akae na Noah yake. Hiyo pesa ya kuongeza aweke kwenye matairi, shokabsoba na oili nzuri, halafu siku akianza kwenda Kampala kila wiki anipigie tena.