Jinsi ya kuingia sunaku Japani ukiwa peke yako, bila kupigwa kwenye bili

Haya wadau, karibuni tena. Video ya leo ni ya yule aliyeko Japani peke yake, iwe umefuata magari ya mnadani Yokohama, iwe ni masomo, iwe umeenda kutembea tu, jioni imeingia, chumba cha hoteli hata begi huwezi kulifungua vizuri, na umechoka kula onigiri, yale matonge ya wali, za dukani umekaa kitandani unaangalia TV usiyoielewa. Leo nakuonyesha jinsi ya kuingia sunaku, zile baa ndogo za Kijapani, ukae, unywe, uimbe, ulipe bei ya halali na uondoke salama.

Kwanza nikuambie picha za ndani huzioni humu. Wateja wa sunaku hawapendi kamera, wengine wamemwambia bosi wanaumwa, kwa hiyo milango nimeipiga kwa nje na mengine nawaonyesha hapa mezani kwangu, glasi hii, barafu hizi, chupa hii.

Sunaku ni baa ndogo sana, kaunta moja, viti sita saba mpaka kumi, labda na meza moja pembeni, na nyuma ya kaunta yupo mwanamke, mara nyingi mtu mzima, ndo mwenye mji. Wote wanamwita Mama, wazee wa miaka sabini wanamwita Mama, na wewe utamwita Mama, kwa hilo mtu wa kwetu hana shida. Jina la sunaku lilishika miaka ya 60, kipindi cha Olimpiki ya Tokyo ya 1964, serikali ilibana baa za kuuza pombe tu usiku wa manane, wenye baa wakaanza kuweka vitafunwa ili waendelee kufungua, ikawa hivyo mpaka leo. Na mpaka leo sheria zao za biashara za usiku zinabana huduma ya mhudumu kukaa na mteja ubavuni kumburudisha, inataka kibali cha aina nyingine na hao wanatakiwa wafunge mapema, ndo maana kwa kawaida Mama anabaki upande wake wa kaunta na wewe upande wako. Sasa hapo ushike kitu kimoja, kwenye sunaku hununui bia, unalipia kiti na maongezi, ni kama umekaribishwa sebuleni kwa mtu, ukielewa hilo bili yao haitakushangaza na adabu zao zitakuja zenyewe.

Haya, kabla hujatoka hotelini. Beba keshi. Sunaku nyingi hazina mambo ya kadi kabisa, we pita duka la 7-Eleven, mashine zao za ATM zinakubali kadi za nje, toa yen elfu kumi, na jitahidi ziwe zimevunjwa vunjwa, za elfu moja moja. Pasipoti iwe mfukoni, mgeni wa matembezi kisheria anatakiwa atembee nayo. Pombe kule ni miaka 20 kwenda juu, kumi na nane haitoshi. Na kula kwanza, ramen au chochote, maana sunaku ni ya saa mbili, saa tatu usiku ukiwa umeshashiba.

Muda nao uangalie. Kwenye bango utakuta wameandika 20:00 mpaka 25:00, usidhani wamekosea, hiyo 25 ni saa saba usiku, wanaendelea kuhesabu tu siku haijaisha kwao.

Sasa kuchagua mlango, na hapa nitakaa kidogo maana watu ndo wanapopigwa hapa. Angalia kwenye skrini, hilo bango la taa lenye herufi nne スナック ndo sunaku, lipige picha uwe nalo kwenye simu. Mlango unaona ni mzito, hauna dirisha, huoni ndani kuna nini, unasikia tu mtu anaimba kwa mbali. Hali hiyo inatisha lakini ni kawaida. Kama kuna hizi herufi nyingine tatu, 会員制, maana yake ni ya wanachama tu, pita, usigonge. Kama kuna bei zimeandikwa nje, hiyo ni habari njema. Na kama kuna kijana barabarani anakufuata, brother, my friend, cheap, one hour, huyo usimfuate hata awe mweusi mwenzio anaongea Kiswahili safi, nasisitiza hilo. Sunaku ya kweli haitumi mtu barabarani kukamata wateja. Kabukicho, mtaa wa starehe za usiku pale Shinjuku, Tokyo, wana spika za barabarani zinatangaza usiku kucha msifuate hawa watu, na bado kuna wanaofuata, wakitoka huko bili ni laki.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza mi nisingekuambia uanzie Kabukicho. Watu wengi wanataja Golden Gai, hapo hapo Shinjuku, vichochoro sita na baa zaidi ya mia mbili zimebanana, panapendeza na wageni wamezoeleka, nyingi zimeandika bei kwa Kiingereza mlangoni, lakini nyingi ni baa ndogo tu, na utakaa na watalii wenzio. Ukitaka sunaku yenyewe nenda mitaa ya karibu na stesheni ndogo, huko wanakoishi watu, au toka Tokyo kabisa. Mji wa Miyazaki kule kisiwa cha Kyushu una mtaa unaitwa Nishitachi, umejaa sunaku ghorofa kwa ghorofa. Njia rahisi kuliko zote ni kumuuliza mtu wa mapokezi hotelini au mzee aliyekupikia chakula cha jioni, huyo anaijua moja, na mara nyingine anapiga simu kabisa anakuombea nafasi, ukifika Mama anakusubiri.

Umefika mlangoni. Usiingie ukaenda kukaa. Fungua mlango, simama hapo hapo, inamisha kichwa kidogo, nyanyua kidole kimoja useme "Hitori desu kedo, ii desu ka", yaani niko mmoja, inawezekana? Wala usiogope matamshi, irabu zao ni a, i, u, e, o kama zetu, soma kama unavyosoma Kiswahili utaeleweka kuliko Mzungu. Halafu ongeza "Hajimete desu", ni mara yangu ya kwanza. Mama akikunja mikono yake miwili kifuani kama alama ya X, hapo ni hapana. Inaweza kuwa pamejaa, inaweza kuwa ana wasiwasi na lugha, na ndio, inaweza kuwa hataki mgeni, huwezi kujua na huwezi kubishana, sema sumimasen, yaani samahani, funga mlango polepole, nenda wa pili. Usilibebe moyoni, kuna Wajapani nao wanakataliwa kama hakuna anayewajua.

Akikukubalia, kabla hujakaa uliza bei. Hapo usione aibu kabisa, hawachukii, wanakuona mtu mwenye akili. "Chaaji wa ikura desu ka?" Mpe simu au kikokotoo aandike. Kwa sunaku ya mtaani ya kawaida utaona kitu kama elfu mbili mpaka elfu nne za yen, ndani yake kuna kiti, kitafunwa, maji na barafu, kwingine kuna kinywaji, kwingine ni kunywa unavyotaka kwa dakika 60 au 90. Karaoke uliza nayo, kuna wanaochaji yen mia au mia mbili kwa wimbo na kuna wanaoacha bure. Ukiona Mama anazunguka zunguka hataki kutaja namba, mshukuru utoke. Umesimama bado, hujala hata karanga, hudaiwi.

Kaa pale anapokuonyesha, sio unapopenda, kuna kiti cha yule mzee anayekuja kila Alhamisi na Mama anajua. Atakupa kitaulo kimekunjwa, cha moto kipindi cha baridi, cha baridi kipindi cha joto. Ni cha mikono, basi. Najua jasho la Tokyo la mwezi wa nane lilivyo, lakini usifute shingo wala makwapa.

Halafu kitakuja kibakuli kidogo hujakiagiza. Labda karanga na vibiskuti vya mchele vyenye pilipili, labda viazi alivyochemsha Mama mwenyewe mchana. Usikirudishe, kimo kwenye chaji. Kama huli nguruwe sema "buta wa dame desu", maana huwa inajificha kwenye vitu usivyovitegemea.

Kinywaji sasa. Kama hunywi pombe hamna tatizo lolote, sema "uuron-cha", ni chai ya baridi ya rangi ya kahawia, na nusu ya kaunta hata hawatajua kama glasi yako haina pombe. Kama unakunywa, agiza mizuwari, wiski au shochu, pombe kali ya Kijapani, na maji, ndo kinywaji cha nyumba hizi. Sogea karibu uone anavyofanya Mama, nakuigizia hapa. Barafu mpaka juu ya glasi. Wiski inaingia kidogo tu, vidole viwili. Anakoroga bila kugonga glasi, barafu inashuka, anaongeza nyingine, ndo anaweka maji, anakoroga tena kidogo. Halafu hii hapa, anachukua kitambaa anafuta unyevu wote nje ya glasi, anaiweka mbele yako kikavu kabisa. Na ukija kukaa saa nzima utaona kila glasi ikitoa jasho anainyanyua, anaifuta, anairudisha, huku anaongea na mtu mwingine kabisa. Hiyo ndo unayoilipia elfu tatu.

Ukishapata chako, mkaribishe na yeye, "Mama mo ippai dōzo", Mama na wewe chukua kimoja. Hicho kinaingia kwenye bili yako, na sio lazima, ila usiku unabadilika hapo hapo. Mkigonga glasi, yako ishushe kidogo chini ya yake. Tip usitoe, kule hakuna tip, utamfanya akukimbilie barabarani akurudishie chenji.

Ukutani nyuma yake utaona chupa zimepangwa zina vibao shingoni, majina ya watu. Mteja ananunua chupa nzima, inabaki pale, akija analipia kiti tu na maji na barafu. Huwa zinakaa miezi mitatu, sita, inategemea na nyumba. Wewe wa usiku mmoja huhitaji, labda kama una kazi ya wiki mbili mji huo huo, hapo piga hesabu. Ya jirani usiiguse mpaka akuambie, na akikukaribisha, akishakumiminia, jibu kwa kumpa kitu au kumuombea wimbo.

Maongezi yataanza tu. Utaulizwa unatoka wapi. Sema Tanzania, uone wanavyosema Kirimanjaro, kahawa hiyo wanaijua vizuri sana. Na kama kuna mzee wa miaka sitini kwenda juu anayependa mbio, taja Ikangaa. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya Tokyo 1984 na 1986, na ile ya Fukuoka ya 1983 Seko wao alimpita kwenye mita za mwisho kabisa, ushindi wa sekunde tatu, kuna wazee hilo jina hawajalisahau. Mkenya una Samuel Wanjiru wa marathoni, alisoma sekondari Sendai kabla ya dhahabu ya Beijing 2008. Kama una kipakti kidogo cha kahawa au majani ya chai, mpe Mama hapo hapo kwa mikono miwili, kesho yake yuko anawahadithia wateja.

Karaoke. Utapewa kifaa kama tableti, kina sehemu ya Kiingereza, tafuta wimbo weka. Mmoja tu, subiri mzunguko urudi, ukiweka mitatu mfululizo hawatakuambia kitu lakini wameona. Bongo fleva usitegemee, jiandae na wimbo mmoja wa Kiingereza wa zamani unaojulikana na wote. Ukitaka kuwamaliza kabisa jifunze ubeti mmoja wa Kijapani wa enzi za Showa, yaani nyimbo za zamani kabla ya 1989, hata ukiharibu watapiga makofi mpaka uone aibu. Mwenzio akiimba mpigie makofi, weka simu chini, na usiende chooni katikati ya wimbo wa mtu. Wimbo ambao yule mzee wa kona anauimba kila siku usiuchague, mwachie wake. Kuimba vibaya sio kosa.

Moshi wa sigara jiandae nao. Tangu Aprili 2020 ndani ya baa na migahawa wamepiga marufuku, ila vijisehemu vidogo vya zamani vingi viliruhusiwa kuendelea, kwa hiyo nguo zako kesho zitanuka.

Dada zangu, sunaku mnaingia wenyewe vizuri tu, kwa kweli baadhi ya Mama wanafurahi zaidi wakiona mwanamke. Keti karibu naye, na mlevi akianza usumbufu mwangalie Mama usoni, atamnyamazisha mwenyewe, hana mchezo.

Kuondoka, usisubiri uchoke. Saa moja na nusu, masaa mawili yanatosha. Sema "Okaikei onegai shimasu", yaani naomba bili. Utaletewa kikaratasi kina namba moja tu, hamna mchanganuo, ni kawaida yao. Weka hela kwenye kisahani, usimpe mkononi. Kama umeuliza bei mwanzoni, ukajumlisha kinywaji cha Mama na nyimbo zako, namba itakuwa pale pale ulipoifikiria. Kama imeruka mara tano, usilipe kimya kimya, omba maelezo, ikishindikana mwende kituo kidogo cha polisi, koban, stesheni kubwa nyingi zinacho, au piga 110. Kwenye sunaku za mitaani hilo utalisikia mara chache sana.

Mama atatoka na wewe mpaka nje, atainama, atabaki pale mpaka ukate kona, kwa hiyo geuka, na wewe uiname. Halafu wahi treni, ya mwisho inapita saa sita usiku na kidogo, ikikuacha ni teksi ya bei mbaya au ukae mpaka ya kwanza kwenye saa kumi na moja alfajiri. Baiskeli ya kukodi usipande, ukiwa umelewa nayo ni kosa la jinai, na ukiingia gari la aliyekunywa wewe abiria unashtakiwa pia.