"Usigeuze betri": mazungumzo kuhusu reverse, invert, undo na ndugu zao

Asanteni, karibuni, mlio nyuma sogeeni mbele viti vipo. Haya.

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana ndo lililonileta kwenye hii mada. Miaka ya nyuma nilipewa kijitabu cha maelekezo ya betri ya sola, zile betri za maji, nitoe Kiingereza nipeleke Kiswahili. Ukurasa mmoja una maonyo mawili, la kwanza "do not reverse the connections", la pili "do not invert the battery". Mimi nikaandika "usigeuze nyaya", na chini yake "usigeuze betri", nikaona imekaa vizuri kabisa, nikatuma, nikalipwa, nikasahau. Baadaye nikapigiwa simu, kuna mteja kafunga betri yake kwenye bodaboda kichwa chini miguu juu, asidi ikavuja njia nzima, imekula siti, imekula suruali, na mguu wa dereva umebabuka. Na yule mteja anaapa kwamba maelekezo ameyafuata, "mimi sijageuza kitu, chanya ni chanya na hasi ni hasi, nyaya sijazigusa". Na ana haki jamani! Kwake kugeuza betri ni kubadilishana chanya na hasi. Mimi ndiye niliyetumia neno moja pale ambapo Kiingereza kilitumia mawili, na Kiswahili nacho kilikuwa nayo mawili, tena mazuri: "usibadilishane chanya na hasi", "usiipindue betri wala kuilaza". Kwa hiyo leo tukiongelea maneno ya Kiingereza ya kugeuza kitu kiwe kinyume, mjue naongea kama mtu aliyeunguza mguu wa mwenzake kwa uvivu wa kuchagua neno.

Sasa mazoea yetu tukitaka kusema kinyume kwa Kiingereza ni kukimbilia "reverse", kwa sababu kichwani tuna "geuza" na tunadhani ni kitu kimoja. Hebu tuchukue gari. Ukimwambia dereva "piga rivasi" anafanya nini? Gari linarudi nyuma, lakini pua yake bado inaangalia kulekule. Ukimwambia "geuza gari" anakata kona mpaka pua inaangalia tulikotoka, na hiyo kwa Kiingereza ni "turn the car round", ukisema "reverse the car" umemwambia kitu kingine na mtagonga mtu. Afu gari likilala matairi juu tunasema limepinduka, "it overturned". Vitendo vitatu, na Kiswahili chetu cha barabarani kinavitofautisha bila shida yoyote, ila tukikaa mezani na kalamu ndo tunavichanganya.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujafungua kamusi, nini hasa kinachogeuka? Kama ni mwelekeo au mfuatano, hapo ni "reverse". Kama ni juu kuwa chini, hapo ni "invert". Wanakwaya mtanielewa haraka. Mna do-mi-so. Ukiimba so-mi-do umeanzia mwisho ukaja mwanzo, umefanya "reverse". Lakini mpiga kinanda akiitoa do chini akaiweka juu, ikawa mi-so-do, hiyo ndo inversheni, noti ni zilezile ila iliyokuwa msingi sasa imekaa juu. Hakuna mpiga kinanda atakayekuelewa ukiita ile ya pili "reverse".

Hata neno letu "kinyume" lina haya mambo ndani yake. Mnakumbuka kuongea kinyume utotoni, mbele ya watu wazima wasielewe? "Nipe maji" inakuwa "peni jima". Silabi zimebadilishana nafasi, mfuatano umegeuka, lakini maana haijageuka hata chembe, bado unaomba maji. Huku darasani mwalimu akiuliza kinyume cha "cheka" unajibu "lia", na hapo kilichogeuka ni maana, herufi hana habari nazo. Neno moja, kazi mbili. Kiingereza ya kwanza kitaiita "reversed" na ya pili "the opposite", ukivuka na neno "kinyume" begani bila kujua ni lipi umebeba utaliacha pasipo pake. Hesabu nazo hivyohivyo, namba 25, ukiigeuza tarakimu ni 52, ukitafuta inayoifuta kwenye kujumlisha ni -25, na ile ambayo wenye hesabu wanaiita "inverse" ya kuzidisha ni 1/25. Mtu akikwambia tu "kinyume cha 25" mwulize kinyume kipi.

"Negate" ni jambo la peke yake, hiyo ni kukanusha. Mitihani yetu imejaa "kanusha sentensi ifuatayo" kwa hiyo hatuna kisingizio. Ila kuna mtego nataka mkae nao kidogo. Kukanusha "wanafunzi wote wamefika" sio kusema "hakuna aliyefika". Hiyo imeruka mpaka ncha ya pili. Ukanushi wake ni "si wote waliofika", hata akikosekana mmoja inatosha. Na sisi tunazidisha ugumu maana tunasema "wanafunzi wote hawajafika", sentensi ambayo mmoja anasikia darasa ni tupu na mwingine anasikia wamebaki wachache njiani. Ukiipeleka Kiingereza lazima uamue, "not all of them have arrived" au "none of them has arrived", huwezi kuiacha ielee.

Sasa mahakamani, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu hapa ndo naona watu wanaumia kabisa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti, majaji wanne dhidi ya wawili. Mtu akiandika "the court reversed the result" anakuwa amesema nini? Amesema aliyeshindwa sasa ndiye mshindi! Na mahakama haikufanya hivyo, ilibatilisha, "nullified", yaani ule uchaguzi uhesabike kama haukuwepo, nendeni mkapige kura upya ndani ya siku 60, na zikapigwa tarehe 26 Oktoba. Kati ya "reversed" na "nullified" pale kuna rais mzima. Na Kiswahili kilikuwa na neno tayari, kubatilisha, redio zilikuwa zinalisema kutwa, hakuna aliyesema mahakama imegeuza matokeo.

Marekani nako tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu yao iliamua kesi ya Dobbs, kesi ya mambo ya kutoa mimba. Magazeti mengi yaliandika "Roe overturned", sawa, hilo ni neno pana la magazeti, linatosha kwa habari. Ila hukumu yenyewe ina maneno mawili tofauti ndani yake. Uamuzi wa 1973, ndo huo wa Roe uliolinda haki ya kutoa mimba, ambao ni kesi nyingine kabisa iliyokwisha zamani, huo umekuwa "overruled", haufuatwi tena. Na hukumu ya mahakama ya rufaa ya chini yake, kwenye kesi hiyohiyo ya Dobbs, hiyo ndo imekuwa "reversed". Kesi ileile iliyopanda ngazi, "reverse". Kanuni iliyowekwa na kesi ya zamani, "overrule". Tafsiri zote mbili "kutengua" kama huna namna, lakini ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza jua unatengua nini. Na lile la kwetu la kila wiki, rais ametengua uteuzi wa fulani, hilo ni "revoked the appointment". Uteuzi ulitolewa, umerudishwa mikononi mwa aliyeutoa. Nimeliona limeandikwa "reversed", limeandikwa "nullified", na hiyo ya pili ni mbaya zaidi maana unaanza kuonekana unadai kila alichosaini huyo bwana akiwa ofisini hakina nguvu.

Mniruhusu nimalizie na ninalolipenda kuliko yote, "undo". Kwenye simu ukiweka lugha ya Kiswahili utakuta "tendua", na kila nikiliona nafurahi kweli, kwa sababu aliyeliweka hakutafsiri kutoka nje, alichukua kauli ya kutendua tuliyo nayo toka enzi za mababu. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Fuma, fumua. Tega, tegua. Ni kairabu kadogo tu kanaingia katikati na kazi yote iliyofanyika inarudi nyuma hatua kwa hatua. Kiingereza kina "un-" kwa hiyo kazi, "fold, unfold", "tie, untie". Shida ni kwamba kina "un-" mbili, zilikuwa viambishi viwili tofauti hapo kale vikaja kufanana sura, moja inatendua, nyingine inakanusha tu kama kwenye "unhappy". Ndo maana "unlockable" unaweza kuisoma haifungiki au inafungulika, na zote ni sahihi.

Sisi hatuna huo utata. Mlinzi akisema "nilikuta stoo haijafungwa" anasema aliyefunga duka jioni alisahau. Akisema "nilikuta stoo imefunguliwa" anasema kuna mtu alikuja na ufunguo. Sasa wewe mtafsiri ukaandika kwa zote mbili "the store was unlocked", na vitu vimeibiwa, na kuna mtu mmoja tu mwenye ufunguo! Andika "had not been locked" kwa ya kwanza, "had been unlocked" kwa ya pili. Maneno mawili matatu zaidi, lakini ni ya lazima.

Kuna dada ameniletea karatasi anauliza "toggle" inaingia wapi. Swali zuri. "Toggle" haina upande, ni kitufe kimoja kinachofanya kazi na kinyume chake, kama swichi ya taa, ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Kwa hiyo usiitafsiri "geuza", na usiiandike "washa" peke yake kwa sababu nusu ya mara itakuwa inazima. Mimi naandika "washa au zima". Ni ndefu, najua, na wanaotengeneza programu wananilalamikia kwamba haienei kwenye kitufe, nawaambia wapanue kitufe.